Wifi Yangu Mbele ya Kamati

Siku Rais alipotangaza jina la Jaji Graham Wexley, mdogo wangu Orrin alilia. Mtu wa miaka sitini, mabega kama mlango wa ghala, mwenyekiti wa chama chetu katika kaunti nzima, alisimama katikati ya saluni yangu akajifuta macho kwa taulo la wateja.

"Arlys," akaniambia, "miaka arobaini tumekisubiri kiti hiki cha Mahakama ya Juu. Arobaini! Na sasa anakwenda kukikalia mtu wa hapa hapa kwetu."

Kwetu ni Elvestad, Wisconsin, mji wenye kiwanda kimoja cha jibini, makanisa mawili ya Kilutheri yasiyosalimiana, na watu wanaojua jirani anampigia nani kura kabla hawajamjua kwa jina. Wexley hakuzaliwa Elvestad, lakini zamani alikuwa jaji wa mahakama ya rufani katika mji wa jirani, mwendo wa dakika ishirini kwa gari, nasi tulimhesabu kuwa wetu. Tena katibu muhtasi wake kwa miaka sita alikuwa Corinne, mke wa Orrin, wifi yangu.

Jumapili iliyofuata tukafanya sherehe katika ukumbi wa chini ya kanisa. Kulikuwa na mabakuli ya tambi za kuoka, soseji, na keki yenye jina la jaji kwa herufi za buluu. Kila aliyeingia alimtafuta Corinne, amwulize jaji alikuwa mtu wa namna gani, alipenda kahawa yake vipi. Corinne hakuja. Orrin akasema kichwa kinamuuma. Mimi nikakata kipande cha keki nikampelekea nyumbani, nikamkuta jikoni anapiga deki sakafu ambayo ilikuwa inang'aa tayari.

"Wifi, watu wanakuulizia kule," nikamwambia. "Leo wewe ndiye bibi harusi."

"Waache waulize."

Hakuinua hata kichwa. Nikaiweka keki mezani nikaondoka, nikijisemea moyoni kwamba huyu mwanamke hajui kufurahi hata siku ya furaha.

Nilimpenda, lakini. Nataka hilo lijulikane. Orrin alipomleta nyumbani, mimi ndiye niliyemtengeneza nywele za harusi. Na miaka ishirini na mitatu iliyopita, alipojifungua mtoto wa kike akiwa amekwisha kufa tumboni, mtoto ambaye walikuwa wameshampa jina la Signe, mimi ndiye niliyemwosha na kumvalisha Corinne siku ya mazishi. Baada ya hapo alilazwa wiki tatu katika hospitali ya wagonjwa wa akili kwa huzuni. Kutoka kule aliniandikia barua moja. Moja tu, na chini yake aliandika: Usimwonyeshe Orrin. Sikumwonyesha.

Basi mambo ya Wexley yakaenda vizuri hadi mwisho wa Septemba. Zilikuwa zimebaki siku nne Seneti ipige kura ya kumthibitisha. Sisi tulikuwa na maseneta hamsini na mmoja, wao arobaini na tisa. Alhamisi hiyo, saa nne asubuhi, nikiwa nampaka Lavonne Budzik rangi ya nywele, televisheni ikakatiza kipindi cha mapishi.

Mwanamke aitwaye Joelle Petrakis, mwanasheria, mwenye miaka arobaini na sita, alikuwa anamtuhumu jaji. Alisema alipokuwa binti wa miaka ishirini na minne, akifanya kazi ya usaidizi katika ofisi ya Wexley, jioni moja jaji alifunga mlango kwa ufunguo, akambana kwenye rafu za vitabu na kumziba mdomo kwa kiganja, akaanza kumvua nguo kwa nguvu. Kilichomwokoa ni mtu aliyegonga mlango. Akasema pia kwamba alimwandikia seneta mmoja wa upande wa pili barua ya siri mwanzoni mwa Agosti. Mwanzoni mwa Agosti! Na sisi tulikuwa tunaelekea Oktoba.

"Wiki saba!" Lavonne akaruka kitini, rangi ikamchuruzika shingoni. "Wiki saba wameikalia hiyo barua kama kuku anayeatamia, halafu wanaiangua leo! Na miaka ishirini na miwili yeye alikuwa wapi? Mimi hata nilichokula jana sikikumbuki."

"Wewe hukumbuki hata waume zako," akasema Gerda Haugen kutoka kiti cha pili, na wote tukacheka.

Kicheko hakikumaliza mzunguko. Kwenye televisheni Joelle Petrakis alikuwa anasomewa taarifa yake na wakili: "Nilipotoka nje, katibu muhtasi wa jaji alikuwa amesimama mlangoni. Alinivalisha koti lake. Akanipeleka kwangu kwa gari lake. Hakuniuliza kitu."

Lavonne akanigeukia taratibu. Uso wote ulikuwa macho.

"Arlys," akasema. "Koti la nani hilo?"

Jumamosi akaja mtu kutoka Washington. Aliitwa Kessling, wakili wa chama, mwembamba, mpole wa sauti, viatu vyake havikuwa na hata tone la tope ingawa nje kulikuwa kumenyesha. Alikaa kwenye meza ya chakula ya Orrin akatoa karatasi moja. Mimi nilikuwepo, Orrin aliniita.

"Bibi Tveit," akamwambia Corinne, "hii ni hati fupi tu. Unasema ulifanya kazi na jaji miaka sita na hukuona jambo lolote la aibu. Wanawake sitini na watatu waliofanya naye kazi wameshasaini. Wewe ni wa sitini na nne."

Corinne akaisoma. Alisoma polepole, kama alivyokuwa akisoma kila kitu, kidole chini ya mstari. Halafu akaisukuma irudi upande wa pili wa meza.

"Siwezi kusaini."

"Corinne," Orrin akasema.

"Niligonga mlango mimi. Nilisikia vitabu vinaanguka, nikagonga. Akatoka yule binti, kiatu kimoja mguuni, kimoja mkononi, blauzi imechanika hapa." Akajigusa begani. "Koti lilikuwa langu, lile la kijani."

Kessling akafunga kalamu yake.

"Na ulinyamaza miaka ishirini na miwili?" Orrin akauliza. Sauti yake ilikuwa imepanda. "Mimi nimemsifu huyu mtu kwenye kila mkutano! Nimeweka bango lake kwenye nyasi zako! Umeniacha niimbe kama mwendawazimu na wewe unajua?"

"Nilinyamaza. Kesho yake jaji aliniita ofisini akaniuliza afya yangu inaendeleaje, kama bado nameza zile dawa za hospitali. Akaniuliza kwa upole. Nikaelewa. Nikakaa miezi mitatu, nikaacha kazi."

"Uliniambia umechoka kuendesha gari kwenye theluji!"

"Nilikuambia hivyo, ndiyo."

"Basi endelea kunyamaza! Umeweza miaka yote hiyo, wiki moja itakushinda? Kura ikishapita useme utakavyo."

"Orrin, yule binti ametaja koti langu mbele ya nchi nzima. Nikisaini hii, mwongo anakuwa yeye."

"Na usiposaini, mjinga ninakuwa mimi!"

Akapiga meza kwa kiganja akatoka nje. Tukasikia pikapu inawaka na mawe yanaruka. Kessling akainuka, akashukuru kwa kahawa ambayo hakuinywa, akaniangalia mimi zaidi kidogo ya inavyostahili, akaenda zake.

Nikabaki na wifi yangu. Nilidhani ningemkumbatia. Badala yake hasira ilinipanda.

"Mambo ya hospitali uliniambia," nikasema. "Mambo ya Signe uliniambia. Hili ukanificha."

"Ningekuambia, ungefanya nini?"

"Ningejua!"

"Ungekwenda kumwambia Orrin siku hiyo hiyo. Arlys, wewe unanipenda, lakini chama unakipenda zaidi. Sikulaumu. Umelelewa hivyo."

Maneno hayo yaliniingia kama sindano, kwa sababu hakuyasema kwa ubaya.

Jumatatu ikajulikana kwamba kura imesogezwa mbele na Corinne ataitwa mbele ya kamati ya Seneti, na Elvestad ikageuka. Mtu akaandika MSALITI kwa rangi nyekundu kwenye mlango wa gereji yao. Mtu mwingine akajaza sanduku lao la barua vichwa vya samaki. Katika duka la vyakula mwanamke tuliyesoma naye alimwachia Corinne mlango umpige usoni. Mchungaji aliombea "ulimi wa kila mmoja wetu," na kila mmoja akajua ulimi gani unaombewa.

Wale wa upande wa pili hawakuwa bora. Jumanne walikuja wanawake ishirini kutoka Madison kwa magari matano, na mabango, na ngoma, na maua. Wakasimama kwenye nyasi za Orrin wakiimba jina la wifi yangu na kumwita shujaa. Corinne akatoka na aproni yake.

"Nani amewaalika?"

"Tuko pamoja nawe, dada!" akasema mmoja.

"Mimi si dada yako. Mnakanyaga vitunguu vyangu. Ondokeni!"

"Lakini tunakuunga mkono!"

"Mnaniunga mkono mimi au mnamtafuta yeye? Kama si Wexley mngejua mimi ninaishi wapi? Hebu chukueni maua yenu, yatakufa kwenye baridi hii."

Wakaenda, mmoja wao akinung'unika kwamba hata mashahidi wa kijijini siku hizi hawana adabu. Majirani zetu waliochungulia hawakumwona Corinne akiwafukuza. Waliona tu kwamba walikuja. Orrin alikuwa amehamia chumba cha chini, analala kwenye kochi karibu na tanuri la kupasha nyumba joto, wala hawasemeshani.

Siku hiyo hiyo, saa tisa alasiri, nilipokuwa nafagia nywele, Kessling akaingia saluni. Akaomba kukaa. Akasifu picha za ukutani, akauliza habari za baba yetu, aliyekuwa mwenyekiti wa chama kabla ya Orrin. Kisha akasema:

"Mimi simchukii wifi yako. Nadhani anaamini anachosema. Ninachojiuliza ni kama kumbukumbu yake ya wakati ule ni ya kutegemewa. Alikuwa mgonjwa, sivyo?"

"Alifiwa na mtoto."

"Pole sana. Na ugonjwa ulikuwa wa namna gani?"

Nilijua anachotaka, sitajifanya kondoo. Ningeweza kumwonyesha mlango. Nilifikiria kiti kile, miaka arobaini, baba yetu aliyekufa bila kukiona. Nikafikiria Orrin akichekwa na kaunti nzima. Na nyuma ya hayo yote, nitasema ukweli, nilimfikiria Corinne akiniambia kwamba chama nakipenda zaidi, na kitu ndani yangu kikasema: vema, kama ndivyo unavyonijua, basi unijue.

Nikapanda juu, nikafungua droo ya chini ya kabati la nguo, nikarudi na barua.

Kessling aliisoma akiwa amesimama. Akauliza kama anaweza kuichukua. Nikasema ndiyo. Akaikunja kwa uangalifu sana, kama mtu anayekunja bendera.

Alhamisi kikao kikaanza. Saluni ilijaa, wengine hawakuja hata kutengenezwa, walikuja kwa sababu televisheni yangu ni kubwa. Lavonne alileta donati. Gerda Haugen alikuwa kitini, kichwa kizima kimefungwa karatasi za foili, nampaka rangi ya kahawia. Gerda ni mtu wa chama chetu kuliko hata mimi, mumewe alikuwa diwani.

Joelle Petrakis alizungumza kwanza, alitetemeka, maseneta wa upande wa pili wakamwita jasiri kila dakika tano na wa kwetu wakamwangalia kama mkojo wa paka. Halafu akaja Corinne. Alivaa gauni lake la kanisani la kijivu. Alieleza mlango, vitabu, kiatu, blauzi, koti. Hakulia. Seneta mmoja wa upande wa pili, mwenye nywele nyeupe nzuri, yule yule aliyeikalia barua wiki saba, akainamia kipaza sauti.

"Bibi Tveit, unakubaliana nami kwamba chama kilichomteua mtu huyu hakijali wanawake?"

"Hapana," akasema Corinne. "Mimi nimekipigia kura chama hicho tangu nikiwa na miaka kumi na minane. Sikuja kukusaidia wewe. Na kama ungeisema barua ya huyu binti Agosti, ulipoipata, asingetukanwa hivi leo. Ulimtunza kama karata."

Saluni ikalipuka kwa makofi. "Mpe! Mpe huyo!" Lavonne akapiga kelele. Kwa nusu dakika wifi yangu alikuwa mtu wetu tena. Mimi sikupiga makofi, nilishika brashi yangu, kwa sababu nilijua kinachofuata.

Akafuata seneta wa upande wetu, mtu wa kusini, sauti tamu. Akampongeza Corinne kwa uaminifu wake. Akampa pole kwa msiba wake wa zamani. Corinne akakunja uso, hakuelewa. Kisha seneta akavaa miwani, akainua karatasi, nami niliutambua ule mwandiko uliolala upande hata kabla kamera haijausogelea.

"'Nasikia Signe analia ndani ya ukuta,'" akasoma. "'Nasikia kila siku, wakati wa kulishwa.' Je, haya ni maneno yako, mama? Uliyaandika mwaka mmoja kabla ya hiki unachodai kukiona?"

Hakusoma mstari wa katikati. Mimi ile barua naijua kwa moyo. Imeandikwa: Nasikia Signe analia ndani ya ukuta. Najua hayupo, Arlys, najua kabisa, mimi si kichaa, ni maziwa tu yananiuma. Nasikia kila siku, wakati wa kulishwa. Hayo yote aliyaruka kama mtu anavyoruka dimbwi.

Corinne aliitazama ile karatasi. Hakumtazama seneta, wala kamera. Kisha akasema, "Ndiyo, ni maneno yangu," kwa sauti ndogo hata mwandishi wa kikao akamwomba arudie.

"Kwa hiyo ulikuwa unasikia vitu ambavyo havikuwepo."

"Nilikuwa nimefiwa na mtoto."

"Na vitabu vilivyoanguka, mama? Navyo ulivisikia?"

Lavonne akapiga goti lake. "Kwisha habari!" akasema. "Kumbe kichwa hakimo! Sasa—"

Hakumaliza. Gerda Haugen alikuwa ameinuka. Wengi hapa mjini wamesahau kwamba Gerda naye alizaa mtoto asiyepumua, mwaka ule wa mafuriko. Alivua kitambaa cha saluni akakitupa sakafuni. Karatasi za foili zikawa zinametameta kichwani mwake na rangi inaanza kushuka kwenye paji la uso.

"Gerda, rangi haijashika," nikamwambia.

"Hiyo barua imetoka wapi, Arlys?"

"Kaa chini nikuoshe."

"Nakuuliza imetoka wapi? Amemtaja nani mwanzoni? Kamera imeonyesha. Imeandikwa 'Mpendwa Arlys.'"

Wote wakanigeukia. Hata Lavonne. Gerda akatoka hivyo hivyo, akavuka barabara mchana kweupe na kichwa chake cha foili, akaingia kwenye gari lake. Nywele zake ziliharibika, alizikata zote fupi kama askari. Hajarudi kwangu tena.

Orrin alikuja nusu saa baadaye. Aliwaambia waliobaki, "Nendeni nyumbani," wakaenda. Akafunga mlango.

"Alikuambia usinionyeshe," akasema.

"Ndiyo."

"Ukatii. Miaka ishirini na mitatu ulinificha mimi, mumewe, kwamba mke wangu alikuwa anamsikia mtoto wangu analia. Halafu ukamwonyesha dunia."

"Nilikifanyia chama, Orrin. Nilikufanyia wewe! Wewe ndiye uliyesema unakuwa mjinga!"

"Nilisema. Nilikuwa na hasira na mke wangu. Hasira na mke wangu ni yangu, nani alikuomba uingie?"

"Na wewe kwani ulimtetea? Ulikuwa umelala chini kama mpangaji! Yeye amepanda ndege peke yake! Usinijie hapa na mikono misafi!"

Nilidhani atanipiga. Uso ulikuwa mwekundu mpaka masikio. Badala yake alishika ukingo wa sinki la kuoshea nywele kwa mikono miwili akainama juu yake, kama mtu anayetaka kutapika.

"Hapana, sikumtetea," akasema ndani ya sinki. "Hilo nitakufa nalo. Lakini wewe ulimuuza."

"Sikupokea hata senti."

"Ungepokea ningekuelewa zaidi."

Akatoka. Aliendesha gari hadi Milwaukee kumpokea uwanja wa ndege. Nilisikia baadaye kwamba Corinne alipomwona pale, alimpita, akaenda kusimama kwenye foleni ya teksi, na Orrin akasimama nyuma yake kwenye foleni ile ile bila kusema neno, mpaka zamu yao ikafika wakaingia teksi moja. Pikapu aliifuata kesho yake kwa basi.

Jumamosi Seneti ikapiga kura. Hamsini na mmoja kwa arobaini na tisa, kama tulivyohesabu tangu mwanzo. Hakuna aliyebadilika, si kwetu si kwao. Yote yale, na hakuna hata mmoja aliyebadilika. Pale mjini watu walipiga honi za magari. Kessling alinipigia simu. Akasema nimefanya kazi kubwa kwa nchi. Nikamwuliza kwa nini waliuruka mstari wa katikati.

"Mstari gani?" akauliza.

Orrin akajiuzulu uenyekiti kwa barua ya mistari miwili. Waliniomba nikikalie kiti chake, nikakataa. Nilisema nina kazi nyingi, uongo, kwa sababu wateja walikuwa wameshapungua. Ajabu ni kwamba hata wale waliompaka Corinne matope walianza kunikwepa. Lavonne mwenyewe alihamia saluni ya kule barabara kuu. "Si kwa ubaya, Arlys," akaniambia, "ila mtu ukiwa kitini unasema mengi."

Novemba, siku ya theluji ya kwanza, nikaenda kwao. Corinne alikuwa barazani anapanga kuni. Alininyooshea mkono, si wa salamu, wa kunizuia nisipande ngazi. Nikasimama chini kama mtu wa kuuza vitabu vya dini.

"Nimekuja kukuomba radhi, wifi."

"Kwa lipi?"

"Kwa barua."

"Na kwa Wexley?"

Ningeweza kudanganya. "Kile kiti nilikitaka," nikasema. "Bado nafurahi tumekipata. Siwezi kukuambia vingine."

Akaweka gogo moja juu ya jingine, akaligeuza likae sawa.

"Angalau hapo husemi uongo," akasema. "Sikiliza, Arlys. Yule seneta simjui, ni kazi yake. Waliopaka gereji ni wapumbavu, rangi imetoka. Lakini wewe ulinivalisha siku ya kumzika mwanangu. Ulinifunga vifungo kwa sababu mikono yangu haikuweza. Sasa kila nikiikumbuka siku ile, wewe umo ndani yake. Huwezi kutoka, na mimi siwezi kukutoa. Hiyo ndiyo umeniharibia. Siku ile ilikuwa yangu."

"Wifi—"

"Usiniite hivyo. Nenda, theluji inaongezeka."

Orrin alikuwa dirishani. Aliniona, akateremsha pazia.

Baridi ikapita. Joelle Petrakis, nilisoma gazetini, alihama jimbo kwa vitisho. Wexley alivaa joho lake na akaanza kuandika hukumu, na nyingi kati ya hizo nilizisoma nikakubaliana nazo. Sitasema vingine kwa kuwa tu ingependeza.

Aprili tuna uchaguzi wetu wa majira ya kuchipua. Makarani wa kituo hutoka katika orodha za vyama viwili, nami huwa karani kila mwaka, meza ya kwanza, herufi L mpaka Z. Meza ya A mpaka K alikaa mwanamke wa upande wa pili, hatukusemeshana tangu asubuhi. Saa tano hivi nikainua kichwa, mbele yangu amesimama Corinne, na nyuma yake Orrin. Nywele za Corinne zilikuwa zimekatwa vibaya. Nilijua amezikata mwenyewe.

Sheria yetu inamtaka kila mpiga kura ataje jina lake na anapoishi kwa sauti, hata kama karani ni mama yake mzazi. Nikasubiri aseme kitu. Akasubiri niulize. Foleni ikaanza kukohoa.

"Jina?" nikamwuliza.

"Corinne Tveit."

"Anwani?"

"Namba kumi na nne, Barabara ya Kinu."

Akaweka leseni yake ya udereva mezani. Niliitazama picha, nikamtazama yeye, kama sheria inavyotaka, na yeye akanitazama moja kwa moja bila kupepesa, kama unavyomtazama karani wa mji usioujua. Nikatafuta ukurasa. Majina ya Tveit yako matatu mle, moja chini ya lingine: Arlys, Corinne, Orrin. Nikamgeuzia daftari nikamwonyesha mahali pa kusaini.

Akasaini, mwandiko wake ule uliolala upande. Nikampa karatasi ya kura. Akaichukua kwenye pembe, mbali na vidole vyangu, akaenda kwenye kibanda.

"Anayefuata," nikasema, na mdogo wangu akasogea mezani akaanza kunitajia jina lake.